Mpige Picha Ng'ombe Wako Kabla Hajakonda

Anayemwona ng'ombe kila siku ndiye wa mwisho kujua kwamba amekonda. Unamkamua alfajiri, unamkatia majani mchana, unamkamua tena jioni, na kila ukimtazama unamlinganisha na alivyokuwa jana. Jana na leo hazina tofauti. Kumbe tangu azae ameshapoteza kilo hamsini. Halafu shemeji anakuja kutoka mjini, anasimama mlangoni mwa banda na kuuliza, "Huyu anaumwa?" Mgeni njoo, mwenyeji apone: shemeji amekuja na picha kichwani ya ng'ombe yule aliyemwona mwaka jana, na kichwani mwako picha hiyo ilishafutika siku nyingi.

Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuifanya kazi ya shemeji bila kusubiri sikukuu. Wauzaji wa vifaa hupenda kusema kamera itampima ng'ombe. Ipo inayopima, nitaifikia. Lakini kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, watatu au kumi wa kulishia bandani, awe Rungwe, Hai, Njombe au Kiambu, faida kubwa ya kamera ni kumbukumbu. Picha ya mwezi huu ikiwekwa kando ya picha ya mwezi uliopita, zikiwa zimepigwa mahali palepale, saa ileile na pembe ileile, zitakuonyesha jambo ambalo macho yako yamelizoea mno kuliona. Zisipopigwa namna moja hazina maana yoyote, na hapo ndipo wengi huharibu. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye namna ya kupiga.

Kwanza tuelewane kwa nini hali ya mwili inahusika na mfuko wako. Ng'ombe wa maziwa hukonda baada ya kuzaa hata akilishwa vizuri. Maziwa yake hupanda upesi na kufika kilele kati ya wiki ya nne na ya nane, ilhali uwezo wake wa kula hufika kilele baadaye, wiki ya kumi au ya kumi na mbili. Pengo hilo hulijaza kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kwa hiyo kukonda kidogo si ugonjwa, hoja ni kiasi gani. Wataalamu hutumia alama 1 hadi 5: wa 1 ni mifupa na ngozi, wa 5 amejaa mafuta hata mifupa haionekani, na kati ya alama na alama huhesabiwa robo. Kwa Friesian mkubwa, alama moja nzima ni takriban kilo 50 hadi 60 za mwili wake.

Ng'ombe mzuri huzaa akiwa kati ya 3 na 3.5, kisha hashuki zaidi ya nusu alama. Akishuka alama nzima, joto huchelewa au hupita bila dalili, mhimilishaji anaitwa mara tatu kwa mimba moja, na ndama wa pili anakuja baada ya mwaka na nusu. Aliyezaa akiwa na alama 4 naye ana balaa lake: hula kidogo baada ya kuzaa, huyeyusha mafuta mengi kwa mkupuo mpaka ini linazidiwa, na yuko karibu zaidi na homa ya maziwa na uzazi wa taabu. Ng'ombe aliyenona kupita kiasi wiki mbili kabla ya kuzaa husifiwa sana na majirani. Mimi nikimwona hupata wasiwasi.

Kutokana na hayo, zipo siku ambazo picha haikosekani: siku ya kumkausha, ambayo ni kama siku 60 kabla ya kuzaa; siku moja au mbili baada ya kuzaa; kisha kila wiki mbili hadi miezi miwili itimie; na siku anayopandishwa. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Usimpige kila siku. Robo alama ni karibu kilo 14 za mwili, haziondoki kwa usiku mmoja, na tofauti utakayoiona kati ya Jumanne na Jumatano ni majani na maji yaliyomo tumboni.

Sasa upigaji wenyewe. Chagua mahali pamoja na usipahame. Pawe na sakafu ngumu na tambarare, kwa sababu ng'ombe aliyezama tope mguu mmoja hupinda nyonga, na nyonga ndiyo tunayoitafuta. Nyuma yake pawe na ukuta au turubai ya rangi moja. Paka rangi mistari miwili sakafuni: mmoja wa kwato za mbele, mwingine wa miguu yako, hatua tano za mtu mzima kutoka ubavuni mwake, yaani kama mita nne. Ukimsogelea zaidi, sehemu iliyo karibu na simu huvimba na ya mbali hunywea. Lenzi pana ya simu, ile inayoandikwa 0.5, iache kwa picha za harusi. Simu iwe usawa wa katikati ya ubavu wa ng'ombe, na ili uipate hapo itakubidi uinamishe mgongo au upige goti. Wengi hupiga wakiwa wamesimama wima, simu ikiwa mbele ya uso, wakapata ng'ombe mfupi mwenye mgongo mpana ambaye hayupo duniani.

Picha ni tatu. Ya kwanza ni ya ubavu wa kulia. Nasema kulia kwa sababu tumbo kuu liko kushoto, na upande huo hujaa na kubonyea kwa kadiri ya mlo wa siku. Ukitaka kujua kama leo amekula, tazama kishimo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Ukitaka kujua alivyoishi mwezi mzima, kishimo hicho kitakupoteza. Ya pili ni ya nyuma, ukiwa umenyooka na mkia, mbali ya kutosha usifikiwe na teke, msaidizi akiuvuta mkia kando. Ya tatu hupigwa kutoka juu: panda benchi imara au ukingo wa hori, nyoosha mkono, upate kiuno, nyonga na shina la mkia kwa pamoja. Hii ya tatu ndiyo wafugaji huiruka, na ndiyo yenye habari nyingi. Ng'ombe akiwa kwenye kibanio kazi ni rahisi. Bila kibanio, mtu amshike kamba na kichwa kikae usawa wa mgongo, maana akiinamia majani mstari wa mgongo wote hubadilika.

Mwanga ni nusu ya kazi. Piga asubuhi, baada ya kukamua na kabla ya majani na maji, jua likiwa nyuma yako au mkiwa kwenye kivuli kilicho wazi. Jua la pembeni hukuza vivuli vya mbavu: ng'ombe wa saa mbili asubuhi na yuleyule wa saa saba mchana utadhani ni wawili. Taa ya simu izime, humshtua na kung'arisha ngozi. Friesian mweusi huwachanganya wengi, kwa kuwa kamera huufuata ukuta mweupe na kumwacha ng'ombe akiwa doa jeusi; gusa mwili wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera itajirekebisha kwa ajili yake. Usimpige akiwa ameloa, manyoya yaliyolala kwa mvua humkondesha. Na ukiwa kwenye baridi ya Njombe au Limuru, kumbuka kwamba manyoya ya Juni na Julai hukua na kuzificha mbavu.

Kila picha iwe na vitu viwili ndani yake. Kimoja ni kibao kilichoandikwa kwa chaki jina au namba ya hereni na tarehe. Simu hujua tarehe, ni kweli, lakini simu huibiwa, hubadilishwa na hupotewa na majira. Cha pili ni fimbo iliyonyooka, iliyopakwa rangi kila sentimita 10, ikisimama kwenye mstari uleule wa ng'ombe. Isiegemezwe ukutani nyuma yake wala isishikwe mbele yake, kwani ikitoka kwenye mstari wake vipimo vyote vinapotea.

Picha ukishazipata, zisome kwa utaratibu. Mwaka 1994 James Ferguson na wenzake huko Marekani walichapisha njia ya kusoma hali ya ng'ombe wa Holstein ambayo naipenda kwa sababu inaanza na swali moja tu. Kwenye picha ya ubavu, tafuta mifupa mitatu: wa nyonga, ule unaochomoza mbele, wa kiungo cha paja, katikati na chini kidogo, na wa kalio, nyuma kabisa karibu na mkia. Pitisha mstari kwa kidole kutoka wa kwanza hadi wa tatu kupitia wa katikati. Je, umechora herufi V, yenye kona kali, au U, yenye tao? Akiwa V, ana alama 3 au chini ya hapo. Akiwa U, ana 3.25 au zaidi. Kwa swali hilo moja kundi lako limeshagawanyika sehemu mbili.

Aliye V, mwangalie nyonga. Ncha yake ikiwa imeviringa na kufunikwa, yuko kwenye 3. Ikiwa ina kona lakini mfupa wa kalio bado una mto wa mafuta, ni 2.75. Mfupa wa kalio nao ukiwa na kona, ni 2.5 au chini. Hapo nenda kwenye mbavu fupi za kiunoni, zile zinazotokeza kama rafu juu ya kishimo cha ubavu. Ukiweza kuiona mikunjo yake nusu ya njia kuelekea uti wa mgongo, ni 2.25; robo tatu ya njia, ni 2. Uti wa mgongo ukiwa na meno ya msumeno, usipoteze muda kubishana kuhusu robo. Huyo ni mgonjwa au ana njaa, na yote mawili yanataka hatua leo.

Aliye U, tumia picha ya nyuma na ya juu. Kuna mikanda miwili ya mishipa migumu, mmoja unatoka kwenye nyonga kuelekea uti wa mgongo, mwingine unatoka kwenye kalio kuelekea shina la mkia. Yote miwili ikionekana wazi, ni 3.25. Ule wa mkia ukianza kufifia, ni 3.5. Ukishapotea, na ule wa mbele unaonekana kwa mbali, ni 3.75. Yote miwili ikizama kwenye mafuta, umefika 4, na kama bado ana miezi kadhaa ya kukamuliwa mpunguzie chakula cha ziada sasa.

Toa alama kabla hujaitazama ya mwezi uliopita. Ni kanuni ndogo, lakini asiyeifuata hujikuta akiandika namba anayoitamani. Ikiwezekana wawe watu wawili, kila mmoja aandike yake, ndipo mlinganishe. Mkitofautiana kwa robo, msigombane. Mkitofautiana kwa nusu, rudini bandani mkapapase.

Maana picha haina mikono. Misuli, mafuta na manyoya marefu kwenye kioo cha simu hufanana, lakini chini ya viganja ni vitu vitatu tofauti. Bonyeza mbavu fupi kwa kidole gumba, bonyeza kando ya shina la mkia. Ukikuta ngozi imelala juu ya mfupa bila chochote katikati, picha ilikudanganya. Mwenye mimba ya miezi minane naye hudanganya kwa tumbo, kwa hiyo macho yako yabaki kwenye nyonga na mkia.

Jambo jingine la kuzingatia ni uzao. Njia niliyoieleza ilitengenezwa kwa Holstein wa Marekani, na ng'ombe wengi wa kwetu ni machotara, Friesian au Ayrshire waliochanganywa na Zebu, Boran au Sahiwal. Nundu ikiwapo, sura nzima ya mgongo hubadilika, na chotara hajengeki kiunoni kama Holstein. Jersey kwa asili ana mifupa iliyochongoka, na mgeni wa Jersey humdhania amekonda. Kwa ajili ya Zebu, mwaka 1986 kituo cha kimataifa cha mifugo cha Afrika kilichokuwa Addis Ababa, ILCA, kilitoa mwongozo wa Nicholson na Butterworth wenye ngazi tisa: waliokonda, wa kati na wanene, kila kundi likigawanywa mara tatu. Kituo hicho baadaye kiliunganishwa na kingine cha Nairobi ikazaliwa ILRI. Kama ng'ombe wako wana damu nyingi ya Zebu, ngazi hizo tisa zitakufaa kuliko robo za Wamarekani. Kwa vyovyote, usimpime chotara wako kwa picha ya ng'ombe wa kalenda. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Kwa ndama na mitamba hesabu ni nyingine, na hapa ndipo ningemsihi mfugaji awe mkali zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani. Ng'ombe akipunguza maziwa unaona kwenye ndoo. Mtamba asiyekua hana ndoo. Anakula tu, anazeeka, na wewe unasubiri. Tunasema ng'ombe wa maskini hazai. Mara nyingi si mkosi wowote, ni kwamba hajafikia uzito wa kuingia kwenye joto. Mtamba hupandishwa akifika asilimia 55 hadi 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa uzao wake. Kwa Friesian hapa kwetu huwa ni kama kilo 300, kwa Jersey kama 225 hadi 230.

Piga hesabu nami. Ndama wa Friesian amezaliwa na kilo 35. Ili afike 300 akiwa na miezi 15, anatakiwa aongeze wastani wa gramu 580 kwa siku. Akiongeza gramu 300, mwendo wa mabanda mengi, atafika baada ya miezi 29, na kwa mimba ya miezi tisa atazaa akiwa na miaka mitatu na zaidi. Miezi 14 ya majani, chumvi na dawa za kuogeshea imekwenda bila lita moja ya maziwa.

Mfuatilie ndama kama mama anavyofuatilia kadi ya kliniki ya mtoto: kinachohusika ni mwelekeo wa mstari kuliko namba moja ya siku moja. Paka alama za sentimita kwenye nguzo ya mlango wa banda la ndama, mpige picha ya ubavu akiwa amesimama kando ya nguzo kila mwezi, na usome kimo chake begani. Kimo hakidanganyi kwa urahisi, kwa kuwa tumbo lililojaa maji halikirefushi. Ndama mwenye tumbo kubwa na kimo kilichosimama hana afya, ana minyoo au anashindia majani makavu. Picha mbili za miezi miwili zikiwekwa pamoja zitakueleza hivyo hata kama hujui kusoma namba.

Uzito, hata hivyo, usiutafute kwenye picha. Chukua utepe. Zungushia kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, ukaze bila kubana manyoya. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, vipimo vyote vikiwa kwa sentimita. Jibu ni kilo. Mtamba mwenye kifua cha 160 na urefu wa 135 anakuja karibu kilo 319. Lakini tazama: utepe ukilegea kwa sentimita tatu tu, jibu linaruka hadi 331. Kilo 12 zimetokea hewani. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini siamini haraka programu inayodai kusoma kilo kutoka kwenye picha moja ya ubavu. Picha hiyo inaona kimo na urefu. Mzunguko wa kifua haiuoni, inaukisia kutokana na ng'ombe wengine iliyofundishwa nao.

Ukishaona, ufanye nini? Aliyeshuka zaidi ya nusu alama ndani ya miezi miwili baada ya kuzaa anahitaji nguvu. Kabla ya kukimbilia dukani kununua pumba na mashudu, angalia majani unayompa. Majani ya tembo yaliyovuka kimo cha mtu ni mabua. Yakate yakiwa kimo cha kiuno au kifua na uchanganye na desmodium au lukina. Angalia maji, yawepo muda wote, maana ng'ombe wa maziwa asiye na maji hali. Ndipo uongeze pumba na mashudu, nusu kilo kila baada ya siku chache, si kilo tatu kwa mpigo, la sivyo tumbo litachacha na atakataa kila kitu. Akila vizuri na bado picha inashuka, mwite daktari wa mifugo: minyoo ya ini, ndigana baridi iliyojificha, meno, kwato. Mguu unaouma hukondesha kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa ng'ombe huyo hasimami horini.

Kosa la kawaida ni kusubiri kipindi cha ukaushaji ndipo umrekebishe. Miezi hiyo miwili si ya kunenepesha, na hasa si ya kumkondesha aliyenenepa; ukimpunguzia chakula ndama akiwa anakua tumboni unaliita tatizo la ini mapema. Marekebisho yafanyike miezi mitatu au minne ya mwisho ya kukamuliwa. Ndiyo maana picha za kipindi hicho, ambazo zinachosha kwa sababu hakuna kinachotokea, zina thamani kuliko za siku ya kuzaa ambazo kila mtu anazikumbuka.

Na zile kamera zinazopima kweli? Zipo. Kampuni ya Uswidi ya DeLaval huuza kamera inayofungwa juu ya lango au mashine ya kukamulia. Kila ng'ombe anapopita chini yake, inasoma umbo la kiuno na nyonga kwa vipimo vitatu na kutoa alama yenyewe. Nguvu yake si kwamba ina akili kuliko mtaalamu. Ni kwamba humwona ng'ombe kila apitapo, ikachukua wastani, na haichoki wala haimpendelei yeyote. Kwenye shamba la ng'ombe mia mbili, ambako hakuna anayeweza kumkumbuka kila mmoja, inalipa. Kwa ng'ombe watatu ni anasa.

Watafiti walijaribu njia ya bei nafuu kwa Kinect, kifaa cha michezo cha Microsoft kilichotoka mwaka 2010, kinachopima umbali kwa mwanga usioonekana. Bandani hufanya kazi. Kwenye jua hupofuka, na ngozi nyeusi hurudisha mwanga huo kidogo. Simu za iPhone 12 Pro za mwaka 2020 zilikuja na kipimo cha umbali cha aina hiyo, ila bei ya simu moja ya namna hiyo ingejenga kibanio na kununua utepe wa kijiji kizima. Kamera za joto nazo zinatajwa sana siku hizi. Zinaonyesha joto la ngozi, hivyo ukwato uliovimba au robo ya kiwele yenye ugonjwa inaweza kung'aa. Jua, tope na maji huzichezea vilevile. Kwa ugonjwa wa kiwele, kikombe chenye kitambaa cheusi kinachopokea michirizi ya kwanza ya maziwa kitakuonyesha mabonge kwa bei ya soda chache.

Kama ushirika wenu una fedha na mnajadili mnunue nini, kura yangu ingeenda kwenye mzani wa kupimia ng'ombe, uzungushwe kijiji kwa kijiji. Kamera hukisia, mzani hupima, na ukiwa na mzani hata mara mbili kwa mwaka utajua kama utepe wako na macho yako vinasema kweli.

Machache kuhusu simu yenyewe. Tengeneza albamu moja kwa kila ng'ombe, na nakala ziwe mahali pengine, kwenye kadi ya kumbukumbu au simu ya mke au mume. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera: picha yenye ramani ndani yake, ikisambaa, inamwelekeza mwizi mpaka mlangoni. Unapomtumia daktari au afisa ugani kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, kwa sababu ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na mbavu zikafifia. Tuma zote tatu pamoja na zile za mwezi uliopita, uandike siku ngapi tangu azae, uzao wa ngapi, lita ngapi asubuhi na jioni, anakula nini. Picha moja ya kichwa cha ng'ombe na maneno "daktari msaada" haimsaidii mtu.

Na akija kijana na programu ya simu ya kulipia kila mwezi, inayotoa kilo na alama kwa kupiga picha tu, usimfukuze. Baadhi ya vitu hivi vinaboreka haraka. Muulize maswali machache: ilifundishwa kwa ng'ombe wa wapi na wa uzao gani? Machotara wenye nundu walikuwemo? Picha zangu zinakwenda kuhifadhiwa wapi, na nikiacha kulipa nazipata? Kisha mpe ng'ombe kumi wa majirani, wakubwa kwa wadogo, wapigwe picha na programu yake na wapimwe kwa mzani asubuhi hiyohiyo, naye asiambiwe namba za mzani hadi atakapomaliza. Ukikuta amekosea kilo 20 kwa mtamba wa 300, ni sawa na utepe, na utepe hauna ada ya mwezi. Akikosea 60, mshukuru kwa kufika.